Namna ya Kutumia Amantadini kwa Usalama: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Parkinson na Ndugu Wanaomhudumia

Mgonjwa wa Parkinson anayetoka kliniki mjini Mbeya au Iringa akiwa ameandikiwa amantadini hurudi nyumbani na dawa iliyoanza maisha yake kwa kazi nyingine kabisa. Mwaka 1966 iliidhinishwa nchini Marekani kwa ajili ya kuzuia mafua makali yanayosababishwa na virusi vya influenza A. Mwaka 1968 mwanamke mmoja mwenye Parkinson, aliyekuwa akiitumia ili asipatwe na mafua, alimweleza daktari wake huko Boston, Robert Schwab, kwamba katika wiki alizokuwa akiimeza, kutetemeka na kukakamaa kwa mwili kulipungua sana, na alipoiacha vilirudi. Schwab na wenzake waliwapa wagonjwa wengine dawa hiyo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1969, na tangu wakati huo amantadini imekuwa miongoni mwa dawa za ugonjwa huu.

Kwa upande wa mafua, kazi yake imekwisha. Virusi vya influenza A vimekuwa sugu dhidi yake, na mwaka 2006 wataalamu wa afya ya jamii wa Marekani walishauri isitumike tena kwa mafua. Virusi vya influenza B haikuwahi kuvigusa. Ninalitaja hili mapema kwa sababu mwezi Juni na Julai, baridi ya Uporoto na Makete inapowaangusha watu kwa mafua nyumba hadi nyumba, mtu anaweza kusoma kwenye simu yake kwamba kapsuli za babu ni dawa ya virusi, akachukua mbili tatu. Hazitamsaidia, zinaweza kumdhuru, na zitampunguzia mzee dawa ambayo hapaswi kukosa hata siku moja.

Kwa mgonjwa wa Parkinson, amantadini hupunguza kwa kiasi kutetemeka, kukakamaa kwa misuli na uzito wa mwendo, na mara nyingi huongezwa juu ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, kwa yule ambaye, baada ya miaka ya kutumia levodopa, mwili wake umeanza kucheza na kujinyonganyonga bila yeye kutaka. Haiponyi ugonjwa. Kwa baadhi ya watu nguvu yake hupungua baada ya miezi michache, na hilo likitokea anayepaswa kuamua hatua inayofuata ni daktari, si mgonjwa kwa kujiongezea kapsuli.

Figo kwanza

Kabla ya kumeza kapsuli ya kwanza, hakikisha figo zimepimwa. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini, lakini amantadini hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, karibu yote, ikiwa vilevile ilivyomezwa. Mtu mwenye figo nzima hutoa nusu ya dawa iliyomo mwilini ndani ya saa 16 hivi. Mtu ambaye figo zake zimechoka anaweza kuchukua siku kadhaa kuitoa nusu hiyohiyo, na kwa hiyo kapsuli ya leo huikuta ya jana na ya juzi bado zimo, zikalundikana hadi mzee aanze kuona vitu visivyokuwepo au kupoteza fahamu. Mashine ya kusafisha damu nayo haisaidii sana kuiondoa. Ndiyo maana ninasisitiza kipimo cha damu cha kreatinini, ambacho hufanyika katika maabara za hospitali, hata kama mgonjwa anajiona mzima. Mzee wa miaka 70 anayepanda kilima kwenda shambani kila asubuhi anaweza kuwa na figo zilizopungua nguvu kwa sababu ya umri, kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu, wala asihisi chochote.

Matokeo yakionyesha kwamba figo zimepungua, daktari atapunguza dozi, na pengine ataandika siku moja ya kumeza na siku moja ya kuruka. Utaratibu huo uheshimiwe kama ulivyo. Siku ya kuruka haina maana kwamba dawa ilikuwa haba. Ni siku ambayo figo zinamalizia kazi ya jana. Kama figo zimeshindwa kabisa, dawa hii haifai, na daktari atatafuta nyingine. Kipimo kirudiwe mara kwa mara kadiri daktari atakavyoelekeza, na kirudiwe mapema zaidi endapo mgonjwa ameharisha au kutapika sana, kwa kuwa mwili uliokaukiwa maji huzipunguzia figo kasi.

Katika mazungumzo hayohayo, mweleze daktari bila kuficha kama mgonjwa amewahi kuwa na kifafa, vidonda vya tumbo, moyo dhaifu unaosababisha miguu kuvimba, presha ya macho, tezi dume inayobana mkojo, sonona, au wakati wowote uliopita wa kuona au kusikia mambo ambayo wengine hawayaoni. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla hajaandikiwa, kwa sababu dawa hii hupita kwenye maziwa na inaweza kumdhuru mtoto.

Saa ya kumeza

Kwa kawaida mtu mzima mwenye figo nzima huanza na miligramu 100 mara moja kwa siku kwa wiki ya kwanza, kisha miligramu 100 mara mbili kwa siku; zipo hali ambapo daktari bingwa hupandisha hadi miligramu 400 kwa siku, akimfuatilia mgonjwa kwa karibu. Ninazitaja namba hizi ili msomaji aelewe kilichoandikwa kwenye cheti chake, zisiwe sababu ya mtu kujiandikia dozi mwenyewe.

Tatizo ninaloliona zito zaidi hapa linaanzia kwenye bahasha ndogo ya dawa. Famasi huandika juu yake 1×2, na sisi tuliozoea dawa za kuua bakteria tumefundishwa kwamba 1×2 ni asubuhi na usiku, saa kumi na mbili zikitenganisha. Kwa amantadini ya kawaida, kapsuli ya usiku ndiyo inayomnyima mgonjwa usingizi, na akisinzia humletea ndoto za kutisha. Kapsuli ya kwanza imezwe asubuhi, tuseme saa mbili, na ya pili mchana, saa saba au saa nane, isivuke saa kumi jioni. Mwombe mfamasia aandike saa zenyewe kwenye bahasha kwa kalamu, badala ya kuacha 1×2 peke yake. Ni kazi ya sekunde chache, na mtoto wa darasa la tano anayemsaidia bibi yake kumeza dawa ataisoma bila kukosea.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini iwapo dawa imetumwa na ndugu aliye ng'ambo. Nchini Marekani, tangu mwaka 2017, inauzwa pia amantadini ya kapsuli zinazotoa dawa taratibu, kwa jina la Gocovri, ambayo kinyume na ile ya kawaida humezwa wakati wa kulala, na nguvu ya kapsuli moja si miligramu 100. Aina hizi mbili hazibadilishwi moja kwa nyingine kwa kuhesabu kapsuli. Kopo likifika, lipelekwe kama lilivyo kwa daktari au mfamasia kabla halijafunguliwa, na kapsuli za kutoa dawa taratibu zisisagwe wala kutafunwa. Amantadini ipo pia ya maji, nayo ipimwe kwa kikombe au bomba la kupimia dawa, kwani vijiko vya jikoni havilingani.

Inaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Tumbo likichafuka, imezwe baada ya uji au ugali. Wanaotumia levodopa pamoja nayo wameambiwa, bila shaka, wasiimeze levodopa papo hapo na maharage, nyama au maziwa mengi, kwa kuwa protini huizuia isifyonzwe vizuri. Sharti hilo ni la levodopa na haliihusu amantadini.

Ukisahau kapsuli ya asubuhi na ukakumbuka baada ya muda mfupi, imeze. Ukisahau ya mchana ukaja kukumbuka jioni, iache hadi kesho. Usimeze mbili kwa mpigo ili kufidia.

Isikatishwe ghafla

Yule mwanamke wa Boston alirudiwa na kutetemeka alipoiacha dawa, na hilo ndilo jambo dogo zaidi linaloweza kutokea. Mgonjwa aliyeizoea amantadini akiikosa ghafla anaweza kupatwa na homa kali, misuli kukakamaa kama ubao, kuchanganyikiwa, jasho jingi na mapigo ya moyo kwenda mbio, hali ambayo inaweza kuua isipotibiwa hospitali. Tatizo kwetu ni kwamba homa ya ghafla huitwa malaria kabla hata ya kupimwa, hasa kwa watu wa Kyela na Mbarali ambako malaria ipo kweli. Kama mgonjwa wa Parkinson amekosa dawa yake kwa siku kadhaa kisha akapandwa na homa huku mwili umekakamaa, apimwe malaria, ndiyo, lakini mhudumu aambiwe sentensi hii mapema kabisa: «Anatumia amantadini na imemwishia tangu siku fulani.»

Kwa hiyo ugavi wa dawa upangwe kama unavyopangwa mbegu kabla ya mvua. Duka la dawa muhimu la kijijini huruhusiwa kuuza dawa za orodha maalumu, na usitarajie kuikuta amantadini humo. Hata famasi za mjini huenda zikalazimika kuiagiza. Anayetoka Ludewa, Makete au Ileje asisubiri kapsuli tatu za mwisho. Zikibaki za wiki mbili, apige simu kwenye famasi anayonunulia aulize kama ipo, na kama haipo aiagizishe siku hiyohiyo. Katika miezi ya masika, Machi na Aprili, wakati barabara za vumbi zimegeuka tope na basi linaweza kulala njiani, akiba hiyo iwe kubwa zaidi iwapo daktari atakubali kuandika dawa za muda mrefu.

Safari za ghafla ndizo zinazotuponza, na msiba ni mfano ulio wazi: watu hupanda gari usiku kuelekea Songea au Sumbawanga wakidhani watarudi keshokutwa, kumbe wanakaa hadi arobaini. Dawa ya mgonjwa iingie kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti, si kwenye begi linalowekwa kwenye buti la basi.

Ikiwa dawa inapaswa kuachwa kwa sababu ya madhara, daktari huipunguza hatua kwa hatua, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Na mgonjwa akilazwa kwa jambo jingine, au akitakiwa kufanyiwa upasuaji, ndugu wapeleke kopo la dawa wodini na wahakikishe imeandikwa kwenye faili. Katika pilika za kulaza mgonjwa, dawa ya nyumbani ni rahisi kusahaulika.

Dawa zinazogongana nayo

Wagonjwa wengi wa Parkinson hupewa pia triheksifenidili, inayojulikana zaidi kwa jina la Artane. Ikiwa pamoja na amantadini, mdomo hukauka zaidi, choo na mkojo huwa vigumu, na wazee huchanganyikiwa kwa urahisi. Daktari anaweza kuziandika zote mbili, lakini akijua anachofanya na kwa dozi anayoidhibiti. Kwinini huzuia figo kuitoa amantadini, kwa hiyo mgonjwa wa malaria aitaje dawa yake kabla ya kuandikiwa. Baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo zinaweza kufanya vivyo hivyo, na vilevile ko-trimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrin.

Dawa za maumivu ya mgongo na magoti zinastahili onyo la pekee, kwa kuwa huku kwetu diklofenaki hununuliwa kama peremende. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuzipunguzia figo uwezo, hasa za mzee, na figo zikipungua amantadini hupanda. Uliza kama paracetamoli inatosha. Maji ya magadi ambayo watu hunywa kutuliza kiungulia nayo yaachwe: yanaupunguzia mkojo asidi, na mkojo wa namna hiyo huifanya dawa ibaki mwilini.

Kichefuchefu kikija, usikubali metoklopramidi (Plasil) bila daktari kujua kuwa una Parkinson, kwa sababu huziba mlango uleule wa ubongo ambao dawa zako zinajaribu kuufungua, na ugonjwa unaweza kuzidi ndani ya siku chache. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ina tatizo hilohilo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Dawa za kikohozi zenye dekstromethofani, na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ziulizwe kwa mfamasia kwanza. Chanjo ya mafua ya sindano haina tatizo; ile ya kupuliza puani ndiyo haipatani na amantadini.

Kuhusu pombe, jibu ni fupi. Ulanzi, komoni, kimpumu au bia, vyote huongeza kizunguzungu na kuchanganyikiwa, na mtu ambaye tayari mwendo wake si imara huanguka. Aache.

Mambo ambayo ndugu ndio wataona

Madhara ya kawaida mgonjwa atayahisi mwenyewe: kinywa kukauka, kichefuchefu, choo kigumu, usingizi kukatika, na kizunguzungu anaposimama. Hili la mwisho husababishwa na shinikizo la damu kushuka, na asubuhi za baridi, mtu anapotoka kitandani kwenda msalani nje gizani, ndipo hatari ya kuvunjika nyonga ilipo. Akae ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe miguu, ahesabu hadi mia, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Asiendeshe bodaboda, pawatila wala mashine ya kupasua mbao hadi ajue dawa inamfanyaje, kwani baadhi ya watu hupitiwa na usingizi wa ghafla mchana.

Ngozi ya miguu inaweza kutokea alama za rangi ya zambarau zenye umbo la wavu, ambazo baridi huzidhihirisha zaidi, na vifundo vya miguu vinaweza kuvimba. Alama zenyewe si za kutisha, lakini daktari azione. Uvimbe unaoambatana na kuishiwa pumzi upelekwe hospitali mara moja. Macho yakiingia ukungu ghafla, usingoje tarehe ya kliniki.

Mengine mgonjwa hawezi kuyasema, ama kwa aibu ama kwa kuwa hajui kwamba ni ugonjwa. Mama anaweza kusema kwa utulivu kabisa kwamba kuna watoto wawili wamekaa mlangoni, akaomba wapewe chai. Usimkemee wala usimbishie. Usiruhusu pia nyumba igeuke uwanja wa kutafuta aliyemtupia jini, kwa maana siku zinazopotea huko ni siku ambazo dawa inaendelea kulundikana. Mjibu kwa upole, angalia ni kapsuli ngapi zimemezwa, uliza kama amekojoa vizuri na kama ameanza dawa yoyote mpya, kisha mpeleke kwa daktari siku hiyo.

Jambo lingine ni tamaa zisizo za kawaida yake. Amantadini, kama dawa nyingine zinazogusa dopamini (kemikali ya ubongo inayopungua kwa mgonjwa wa Parkinson), inaweza kumfanya mtu mwenye nidhamu ya maisha yote aanze kubeti usiku na mchana, kununua vitu ovyo, kula bila kushiba au kuwa na hamu ya ngono isiyodhibitika. Baba aliyeuza ng'ombe na kuziteketeza fedha kwenye kamari ya simu hapaswi kuitishiwa kikao cha ukoo kwanza. Apelekwe kliniki kwanza, kwa sababu mara nyingi hali hiyo hupungua dozi ikirekebishwa. Mkewe au mtoto mkubwa akubaliane naye tangu mwanzo, kwa heshima, kwamba miamala ya simu itaangaliwa na watu wawili.

Na endapo mgonjwa anakata tamaa, anajitenga au anazungumza juu ya kufa, lichukuliwe kwa uzito. Kaa naye, mwite daktari, na dawa zitunzwe na mtu mwingine.

Kutunza, na dharura ya kumeza nyingi

Kapsuli zikae kwenye kopo lake, mahali pakavu pasipozidi nyuzi joto 30, mbali na moshi na mvuke wa jikoni. Kule Tukuyu, ambako mvua ni nyingi na nyumba hushika unyevu, kopo lifungwe barabara kila mara.

Liwekwe juu, au lifungiwe kabatini, ambapo mtoto hafiki. Kifo kimewahi kuripotiwa kwa mtu aliyemeza gramu 1 tu, yaani kapsuli 10 za miligramu 100, na hakuna dawa maalumu ya kuipinga sumu yake. Wahudumu hulinda moyo, pumzi na joto la mwili hadi figo ziitoe. Ikishukiwa kwamba mtu amemeza nyingi, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mpeleke hospitali iliyo karibu ukiwa na kopo lenyewe mkononi, hesabu kapsuli zilizobaki mkiwa njiani, na umwambie mhudumu wa mapokezi jina la dawa, idadi inayokosekana na saa uliyomkuta.